Johann Ludwig Krapf: Maisha ya Mkusanyaji wa Maneno na Njia Isiyofika Garbatulla

Utangulizi

Garbatulla ni mji ulioko katika Kaunti ya Isiolo nchini Kenya, katika nyanda kame zilizo kati ya Mto Ewaso Ng'iro na Mto Tana. Wenyeji wake wengi ni Waborana, na Kiborana wanachokizungumza ni lahaja mojawapo ya Kioromo. Mtoto anayelelewa katika mji huu huanza na lugha ya mama, hukutana na Kiswahili sokoni na shuleni, kisha hutakiwa akimudu Kiingereza kwa sababu ndicho kilichotawala vitabu na mitihani. Kwa mtoto wa aina hii, suala la kujenga msamiati wa Kiingereza si la anasa. Ni suala linaloamua iwapo atayaelewa maswali anayoulizwa, au atayakariri maneno kama mtu anayehesabu mawe asiyoijua kazi yake.

Mnamo mwaka 1850, lugha hizo tatu za mtoto wa Garbatulla zilipangwa bega kwa bega katika jedwali moja la msamiati. Aliyelipanga alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza. Krapf hakuwahi kufika Garbatulla. Wala Kiingereza alichokitumia kufasilia lugha za Waafrika hakikuwa lugha yake ya mama; naye alilazimika kukijenga neno kwa neno. Jina lake hutajwa mara nyingi katika historia ya dini na ya ugunduzi wa milima. Makala haya yanayaangalia maisha yake kwa upande mwingine: upande wa mtu aliyetumia zaidi ya miaka 40 akijifunza kwamba neno la lugha moja halihamii katika lugha nyingine kwa kuandikiwa mwenzake mmoja tu, bali kwa kufasiliwa, kwa kutenganishwa na visawe vyake, kwa kupambanishwa na vinyume vyake, na zaidi ya yote kwa kuketi na wenye lugha.

Utoto na elimu

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg uliokuwa sehemu ya nchi za Wajerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa madhehebu ya Kilutheri. Alipokuwa mvulana wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua na kulazwa nyumbani kwa miezi kadhaa. Maradhi hayo ndiyo yaliyomsogeza karibu na vitabu. Alipopona, alipata nafasi katika shule ya Kilatini mjini Tübingen, ambako alisoma lugha za kale na lugha za Ulaya. Huko huko alipata kusoma habari za safari za James Bruce katika nchi ya Uhabeshi, na tangu hapo fikira zake zikaelekea Afrika.

Mwaka 1827 alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Aliondoka baada ya muda mfupi akiwa na mashaka kuhusu wito wake, akarudi kusoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen na kuhitimu mwaka 1834. Baada ya kuhudumu kwa muda kama kasisi msaidizi, aliirudia azma yake ya awali. Shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, yaani CMS, lilimpokea, na mwaka 1837 akasafiri kwenda Uhabeshi.

Hatua hii ina uzito wake katika historia ya leksikografia. Kwa kuingia katika utumishi wa CMS, Krapf alijifunga kuandika kwa lugha ya waajiri wake. Ripoti, sarufi na orodha za maneno zilipaswa kusomwa London. Kwa hiyo, kila neno la Kioromo au la Kiswahili alilolisikia baadaye lilipita milango miwili kabla ya kufika kwenye karatasi: kwanza lugha yake ya Kijerumani, kisha Kiingereza cha kujifunza. Mtu wa namna hii haandiki maana kwa mazoea. Hulazimika kujiuliza kila mara kama neno la Kiingereza alilolishika ndilo hasa, au ni jirani yake tu.

Shewa na mwanzo wa Kioromo

Katika eneo la Tigray Krapf hakukaa sana. Mwaka 1838 yeye na wenzake walifukuzwa. Mwaka 1839 alifika Shewa, katika makao ya mfalme Sahle Selassie huko Ankober. Alijifunza Kiamhari na kukusanya miswada ya Kigeez, lakini lililomshughulisha zaidi ni watu waliozunguka ufalme huo, yaani Waoromo. Aliona kuwa walikuwa wengi, wameenea katika eneo kubwa mno, na lugha yao ilikuwa moja licha ya tofauti za lahaja. Akafikia uamuzi kwamba mtu atakayeimudu lugha hiyo atakuwa ameishika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki.

Kutokana na imani hiyo alitoa kitabu kuhusu sarufi ya Kioromo mwaka 1840 na msamiati wa lugha hiyo mwaka 1842, vyote vikichapishwa London. Aliamua kukiandika Kioromo kwa hati za Kilatini badala ya hati za Kihabeshi. Uamuzi huo haukufuatwa na wote katika karne ya 19, lakini mwaka 1991 Waoromo wa Ethiopia walipochagua rasmi alfabeti ya Qubee, walichagua hati za Kilatini.

Katika vitabu hivyo, kama katika maandishi yote ya zama zile, Waoromo waliitwa kwa jina ambalo wenyewe hawakujiita na ambalo leo wanalikataa kwa kuwa ni la dharau. Jina hilo linasalia katika vichwa vya vitabu vya Krapf, na msomaji wa leo hana budi kulitambua bila kulirithi.

Vitabu hivi vya mwanzo vilikuwa na udhaifu wa kawaida wa orodha za maneno: kidahizo kimoja upande huu, kisawe kimoja upande ule. Tuchukue mfano wa neno Waaqa. Katika Kioromo neno hilo hubeba maana ya Mungu na pia ya mbingu. Kiingereza, kwa upande wake, huwa na God kwa Mungu, heaven kwa mbingu za imani, na sky kwa anga linaloonekana kwa macho. Mkusanyaji anayeandika neno moja tu mbele ya Waaqa huwa amepotosha mambo, hata kama alichokiandika si uongo. Hapo ndipo fasili inapohitajika, na hapo ndipo orodha inapolazimika kukua iwe kamusi.

Mwaka 1842 Krapf aliondoka Shewa kwenda pwani kuwalaki wenzake na kumwoa Rosine Dietrich, ndoa iliyofungwa nchini Misri. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Tübingen kilimtunuku shahada ya udaktari kwa kazi yake katika lugha za Uhabeshi. Lakini alipotaka kurejea Shewa alizuiwa. Katika mahangaiko ya safari hizo mkewe alijifungua kabla ya wakati katika nyika iliyo karibu na Massawa. Mtoto hakuishi. Walimpa jina la Eneba, ambalo kwa Kiamhari ni chozi.

Mombasa: kadhi na mwanafunzi wake

Njia ya kaskazini ilipofungwa, Krapf alibuni njia ya kusini. Alidhani kwamba akianzia pwani ya Waswahili angeweza kupanda bara hadi awafikie Waoromo kutoka upande wa pili. Kwa hiyo Kiswahili, mwanzoni, hakikuwa mwisho wa safari yake. Kilikuwa daraja tu.

Mapema mwaka 1844 alifika Unguja, akapokelewa na Sayyid Said bin Sultan na kupewa barua ya utambulisho kwa maliwali wa pwani. Mwaka huo huo alihamia Mombasa pamoja na mkewe. Tarehe 8 Juni alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin.

Jambo hili linastahili kutafakariwa. Mmisionari aliyekuja kuipinga dini ya Kiislamu alikuwa mwanafunzi mbele ya hakimu wa Kiislamu. Bila elimu ya kadhi huyo, Krapf asingepata maneno ya kueleza kuumba, dhambi, baraka wala laana, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuyazungumza mambo hayo kwa karne nyingi na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Sura 3 za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la chama cha wataalamu wa taaluma za Mashariki.

Kazi hiyo ilikuwa na mwezi mmoja tu ilipokatizwa na msiba. Krapf na mkewe walishikwa na homa. Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafariki tarehe 13 Julai 1844, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa mahututi. Alipopata nafuu hakurudi Ulaya. Alirudi kwenye karatasi zake, na kwa karibu miaka 2, kabla ya kupata mwenzake, maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yake ya kila siku.

Rabai na jedwali la lugha sita

Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, na wawili hao wakaanzisha kituo huko Rabai miongoni mwa Wamijikenda. Mwaka 1848 Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao Wakamba walimtajia kwa jina lao. Alilinakili jina hilo kadiri sikio lake lilivyolipokea, na kutokana na matamshi hayo ya Kikamba likapatikana jina Kenya. Hivyo jina la nchi nzima liliingia vitabuni kwa njia ile ile iliyoingiza maelfu ya maneno mengine: kwa mgeni kumsikiliza mwenyeji na kuandika.

Mwaka 1850 Krapf alikuwa likizoni Ujerumani, na huko Tübingen alichapisha vitabu 2 muhimu. Cha kwanza kilikuwa muhtasari wa sarufi ya Kiswahili. Cha pili kilikuwa msamiati wa lugha 6 za Afrika Mashariki: Kiswahili, Kinyika (yaani Kimijikenda), Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Vidahizo vyake vilikuwa vya Kiingereza, na lugha hizo zikafuatana safu kwa safu.

Thamani ya mpangilio huu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu anayesoma safu hizo huona papo hapo kwamba Kiswahili, Kikamba na Kipokomo ni ndugu, ilhali Kioromo kimesimama peke yake. Anakoandika Mswahili maji, Muoromo ana bishaan. Anakosema Mswahili maziwa, Muoromo husema aannan. Lakini mpangilio huo huo pia huonyesha mipaka ya orodha. Kidahizo cha Kiingereza kikiwa ndicho mwenyeji, lugha nyingine hualikwa kujibu maswali ya Kiingereza tu. Mfugaji wa nyika ana maneno mahususi ya ngamia kwa umri wake, jinsia yake na hali yake ya kukamuliwa. Kiingereza kina camel. Mahali ambapo Kiingereza hakiulizi, lugha ya mfugaji hunyamazishwa.

Krapf hakuibaini kasoro hii kwa nadharia. Aliibaini kwa kazi, na kamusi aliyoiandika baadaye inaonyesha alivyojaribu kuirekebisha kwa kuigeuza njia: kuanza na neno la mwenyeji, kisha kukihangaisha Kiingereza mpaka kilieleze.

Mto Tana: mwisho wa njia

Mwaka 1851 Krapf alirudi Afrika Mashariki na kufanya safari ya pili ya Ukambani, akikusudia kwenda mbele zaidi. Akiwa pamoja na Kivoi na watu wake, walishambuliwa na wanyang'anyi karibu na Mto Tana. Kivoi aliuawa. Krapf alitoroka akabaki peke yake porini. Alifika mtoni, na kwa kuwa hakuwa na chombo, alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki ili apate ya kunywa njiani. Kwa njaa, kiu na hofu, alirejea Rabai.

Hapo ndipo njia ya kuwaendea Waoromo wa bara kutoka pwani ilipokatika. Garbatulla ya leo iko kaskazini ya mto huo. Waborana wa eneo la Waso wenyewe hawakuwa wote huko wakati huo. Wengi wao waliwekewa makazi katika sehemu hizo na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1930. Hata hivyo, lugha aliyokuwa akiifuata Krapf tangu Shewa ndiyo inayosikika katika visima vya Garbatulla.

Mwaka 1853 aliondoka pwani kwa sababu ya afya. Aliacha nyuma kituo na makaburi, akachukua karatasi. Miongoni mwake ilikuwamo miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, pamoja na nakala ya Utendi wa Tambuka, ambayo aliipeleka Halle katika maktaba ya chama cha Wajerumani cha taaluma za Mashariki. Kwa tendo hilo, wanafasihi wa Kiswahili wana deni kwake hata wasipoifungua kamusi yake.

Korntal na kamusi ya mwaka 1882

Kuanzia mwaka 1855 Krapf aliishi Korntal, karibu na Stuttgart. Aliandika habari za safari zake, zikatoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Mwaka 1862 alirudi kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe. Mwaka 1867 aliajiriwa kama mkalimani katika msafara wa kijeshi wa Waingereza dhidi ya mfalme Tewodros wa Uhabeshi, lakini ugonjwa ukamrudisha nyumbani. Miaka iliyobaki aliitoa kwa lugha. Mwaka 1877 ilichapishwa kamusi ya Kinyasa ya Rebmann, ambaye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Krapf ndiye aliyeihariri.

Kazi yake kuu ilikuwa kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza. Krapf alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881, na watu walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka London mwaka 1882.

Anayeifungua kamusi hiyo hukutana na mkusanyaji tofauti na yule wa mwaka 1842. Kidahizo hakiishii kwenye kisawe kimoja. Hufuatwa na visawe kadhaa vya Kiingereza vinavyosahihishana, kisha maelezo ya kitu chenyewe: kinatengenezwa vipi, nani hukitumia, hutofautiana vipi na kingine kinachofanana nacho. Vitenzi huonyeshwa pamoja na minyambuliko yake. Maneno huwekwa katika sentensi. Hulinganishwa na ya Kinyika, hutajwa asili yake ya Kiarabu inapokuwapo, na hutofautishwa kwa lahaja, hasa Kimvita na Kiunguja. Pale maelezo yanapotoka kwa Rebmann au kwa Askofu Edward Steere wa Unguja, chanzo huonyeshwa. Hiyo ni kamusi thaniya iliyokaribia kuwa ensaiklopidia ya maisha ya pwani.

Tathmini

Wahenga wa pwani walisema: Mgala muue na haki yake mpe. Methali hii inamtaja Muoromo kwa jina lile lile la kale, na inadhihirisha uhasama uliokuwapo kati ya watu wa pwani na majirani wao wa bara. Hata hivyo, kiini chake ni insafu, na Krapf naye anastahili kupimwa kwa mizani hiyo.

Tukianza na kasoro zake, tahajia yake haikutulia. Neno moja huweza kuandikwa kwa namna mbili au tatu, na msomaji huhangaika kulitafuta. Maelezo yake kuhusu Uislamu na mila za Waafrika mara nyingi yamejaa hukumu za mmisionari wa zama zake. Kasoro iliyo kubwa zaidi ni ya kimya: isipokuwa wachache kama kadhi wa Mombasa, waliomfundisha maneno hayo hawajulikani. Wapo watumwa wa Kioromo, wazee wa Rabai, wapagazi wa Kikamba, mabaharia na wanawake wa Mombasa, na kila mmoja wao aliulizwa neno lina maana gani, akajibu. Jina lililo kwenye jalada ni moja, lakini kamusi ni ya wengi.

Kuhusu haki yake, Steere alivitumia vitabu vya Krapf alipoanza kujifunza Kiswahili, naye akatoa mwongozo wake mashuhuri mwaka 1870. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903 ilinufaika na ya Krapf, na ile ya Madan ikawa msingi wa kamusi sanifu iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson. Aidha, Kiunguja kilipoteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji, maneno mengi ya Kimvita yalisukumwa pembeni, na kamusi ya Krapf ikabaki kuwa mojawapo ya ghala zinazoyahifadhi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambayo ni wahidiya, ilikifanya Kiswahili kijifasili chenyewe. Hatua hiyo Krapf hakuifikiria, lakini isingewezekana bila safari ndefu ya kamusi thaniya zilizotangulia.

Krapf na mwanafunzi wa Garbatulla

Maisha haya yana funzo gani kwa anayejenga msamiati wa Kiingereza katika Garbatulla? La kwanza ni kwamba fasili hutangulia tafsiri. Mwanafunzi akiambiwa tu kuwa kisima ni well, na kwamba Kiborana chake ni eela, atakwama siku atakapolikuta neno well likiwa na maana ya vizuri. Akiambiwa kwamba well ni shimo refu lililochimbwa ili kufikia maji yaliyo ardhini, atalitenganisha na pond ambalo ni bwawa dogo, na spring ambayo ni chemchemi. Maneno yote hayo ni ya maji, na mtoto wa mfugaji huzijua tofauti zake kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kuzijua kwa kalamu.

La pili ni kwamba visawe si mapacha. Thin, slender na emaciated yote hueleza kukosa unene. Lakini slender husifia umbo, thin hutaja hali tu, na emaciated ni mwili uliokwisha kwa njaa au maradhi. Mwanafunzi aliyeshuhudia ng'ombe wakikonda wakati wa ukame atalielewa neno la tatu upesi kuliko mwenziwe wa mjini, mradi mwalimu amwambie kwamba neno hilo ndilo la kile alichokiona.

La tatu ni kwamba kinyume hutegemea maana. Neno light lina kinyume cha dark linapohusu nuru, na kinyume cha heavy linapohusu uzito. Anayekariri kinyume kimoja amelijua nusu ya neno. Krapf aliyaona mambo ya aina hii kila siku katika lugha asizozaliwa nazo, na ndiyo maana vidahizo vyake vya mwaka 1882 ni virefu.

Funzo la nne linavuka mipaka ya darasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na pia inaitaka dola kuzikuza lugha za kiasili. Kwa Garbatulla, maana yake ni kwamba Kiborana si kikwazo cha kujifunza Kiingereza, bali ni ghala la dhana. Mtoto aliye na msamiati mpana wa nyumbani ana mahali pengi pa kuyaegesha maneno mapya. Aliyenyimwa wa nyumbani huyapokea ya kigeni hewani.

Hitimisho

Krapf alitaka Kiswahili kiwe daraja la kumfikisha kwa Waoromo. Daraja likawa makazi, na aliyelipita akafa akiwa bado juu yake. Vituo alivyovianzisha vilikabidhiwa wengine, na ndoto yake ya kuwafikia Waoromo wa bara kwa njia ya Tana haikutimia katika uhai wake. Kilichobaki ni maneno, na maneno hayo si yake peke yake. Ni ya kadhi aliyemfundisha, ya Kivoi aliyemtembeza, na ya wale wote ambao majina yao hayakuandikwa.

Katika jedwali la mwaka 1850, Kiingereza, Kiswahili na Kioromo vilikutana kwa mkono wa mgeni. Katika darasa la Garbatulla, lugha hizo hizo hukutana katika kichwa cha mtoto mmoja, ambaye si mgeni kwa Kiborana chake. Kamusi ambayo Krapf hakuweza kuiandika, yaani ile inayoanza na maneno ya wafugaji wa Waso, ikayafasili kwa Kiswahili na kuyafikisha katika Kiingereza, inamhitaji mwandishi wa aina hiyo.